Pole au Samahani? Maana za Maneno "I am sorry"

Katika maneno ya Kiingereza tunayoyasikia kila siku, ni machache yanayosemwa mara nyingi kama "I am sorry". Watu wengi huyafupisha wakasema "sorry" tu, na wengine wamekwisha kulifanya neno la Kiswahili, husema "sori". Maneno haya ni mafupi, na mwanafunzi huyajua tangu mwaka wake wa kwanza wa kujifunza Kiingereza. Lakini maana zake ni nyingi. Asiyezijua aweza kumshangaza mtu aliyetaka kumliwaza, au kumliwaza tu mtu ambaye ilimpasa kumwomba msamaha. Kwa hiyo yafaa tuyatazame vizuri, tuyapime kwa maneno yetu wenyewe.

Asili ya maneno

"Sorry" ni neno la kale. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita lilikuwa "sarig", na maana yake "mwenye maumivu" au "mwenye huzuni". Ni ndugu wa neno "sore", ambalo hata leo hutumika kwa mahali panapouma mwilini. Basi, tukifuata asili, mtu asemaye "I am sorry" husema, "Mimi nina maumivu moyoni." Hataji ni nani aliyeyaleta maumivu hayo. Lishikeni sana jambo hili, kwa maana ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho wa somo.

Sisi Waswahili tuna maneno mawili mahali ambapo Mwingereza ana moja. La kwanza ni "pole". Neno hili ni jamaa ya "mpole", "upole" na "polepole", nalo lakaribiana na "kupoa". Maji yaliyochemka hupoa, na mtu aliyeumwa akipata nafuu husema amepoa. Amwambiaye mwenzake "pole" humtakia atulie na kupata nafuu; ndiyo maana wengine hujibu, "Ahsante, nimekwisha poa."

La pili ni "samahani". Hili tumelipata katika Kiarabu, nalo ni ombi la kusamehewa. Karibu nalo liko "radhi", ambalo pia asili yake ni Kiarabu. Asemaye "Niwie radhi" humwomba mwenzake aondoe uchungu moyoni, awe tena na moyo mweupe juu yake. Tazameni tofauti iliyopo: "pole" ni zawadi, mtu humpa mwenzake, "samahani" ni ombi, na mwenye kuombwa aweza kukubali au kukataa.

Matumizi ya kila siku

Waingereza hutumia maneno haya kwa njia nyingi. Zifuatazo ndizo zinazosikiwa zaidi.

1. Kuonyesha huruma. Ukimwambia Mwingereza kwamba mama yako ni mgonjwa, atasema, "I am sorry to hear that." Maana yake: nasikitika kusikia habari hiyo, pole. Hajakosa neno lo lote, wala hakuombi umsamehe. Kadhalika katika msiba husema, "I am sorry for your loss," nasi tungesema, "Pole kwa msiba."

2. Kukiri kosa. Mtu aliyeazima jembe la jirani akalivunja mpini husema, "I am sorry I broke your hoe." Hapa maana ni nyingine kabisa: nimekosa, unisamehe. Ni maneno yale yale, lakini sasa yamebeba mzigo.

3. Kukataa kwa adabu. Mwenye duka aliyeishiwa na chumvi husema, "I am sorry, there is no salt." Katika barua za ofisi huandikwa, "I am sorry to tell you," na msomaji mwerevu hujua mara moja kwamba habari inayofuata si njema. Sisi huandika, "Kwa masikitiko nakuarifu."

4. Kuuliza tena. Mtu asiposikia vizuri husema "Sorry?" akipandisha sauti mwishoni. Hapo hana huzuni wala kosa, maana yake ni "Umesemaje?"

5. Kumsumbua mtu. "Sorry to trouble you" ni sawa na "Samahani kwa kukusumbua". Lakini angalieni: mwanafunzi atakaye kupita mbele ya watu, au kumwita mtu asiyemjua, aghalabu husema kwa Kiingereza "Excuse me". Akiisha kumkanyaga mtu ndipo husema "I am sorry". La kwanza hutangulia tendo; la pili hulifuata. Kwa Kiswahili neno "samahani" hufanya kazi zote mbili, na kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huchanganya.

6. Kueleza kitu kibaya. Neno "sorry" likitangulia jina la kitu, maana hugeuka tena. "A sorry sight" si kitu kinachoomba msamaha, bali ni jambo la kusikitisha machoni, kama nyumba iliyobomoka au punda aliyekonda.

Kutoelewana kwa watu wema

Fikirini habari hii. Mama mmoja wa Lumuma, katika nchi ya Kilosa, anatoka shambani amejitwika kikapu cha vitunguu, maana bonde hilo lajulikana kwa vitunguu vyake. Anapovuka mfereji wa maji anateleza, na vitunguu vinamwagika. Watoto wanaopita wanasema, "Pole, mama!" kisha wanainama kuviokota. Hakuna hata mmoja wao aliyemsukuma. Mama anajibu, "Ahsanteni, wanangu." Wote wameelewana.

Sasa tuseme aliyeteleza ni mgeni kutoka Uingereza, na mtoto mmoja, akitaka kuonyesha adabu kwa lugha ya mgeni, anasema, "Sorry!" Mgeni anastaajabu na kujibu, "It is not your fault," yaani, "Si kosa lako." Mtoto naye anastaajabu, kwa kuwa hakusema kwamba ni kosa lake. Yeye alisema "pole". Mgeni alisikia "samahani". Kwa ajali ndogo kama kujikwaa, Waingereza aghalabu huuliza, "Are you all right?" yaani, "Hujaumia?"

Si kwamba mtoto hajui Kiingereza. Katika Kiingereza cha Afrika ya Mashariki, toka Dar es Salaam mpaka Nairobi na Kampala, watu wengi husema "sorry" wamwonapo mwenzao amejikwaa, au ameangusha kitu, au amepaliwa na maji. Wamelitwaa neno la Kiingereza na kulitia moyo wa "pole". Desturi hii ni njema, na hapa kwetu haina aibu yo yote. Lakini msemaji yampasa kujua sikio la mtu anayesema naye.

Liko pia neno ambalo Mwingereza hana njia fupi ya kulisema. Sisi humwambia mfanya kazi, "Pole na kazi," na msafiri, "Pole na safari," ingawa hawakupatwa na mabaya yo yote. Ukigeuza neno kwa neno ukamwambia Mwingereza, "Sorry with work," hatakuelewa. Maneno mengine hayatafsiriki. Yapasa kuyaacha na kutafuta jambo ambalo watu wa lugha ile husema mahali pale.

Pole ya watu wengi

Huruma si lazima iwe kwa mtu mmoja. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 mvua kubwa zilinyesha, na mto Mkondoa ukafurika mjini Kilosa. Nyumba nyingi zilianguka, maelfu ya watu wakakaa katika mahema, na njia ya reli ikaharibika kati ya Kilosa na Gulwe. Watu wa mahali pengine waliwaambia watu wa Kilosa, "Poleni." Nani alikuwa amekosa? Wale waliowaliwaza hawakuufurisha mto. Pole yao ilikuwa ya kushiriki taabu, na katika Kiingereza ingefaa kabisa kusema, "We are sorry for you."

Basi tumeona kwamba "I am sorry" yaweza kuwa njema na kamili bila kosa lo lote. Hatari huja pale ambapo kosa lipo, na mkosaji anajificha nyuma ya neno la huruma.

Mlango wa kujificha

Tuseme Yohana anakimbia, anamgonga Asha, na mtungi wa Asha unavunjika. Yohana anasema, "Pole," kisha anakwenda zake. Amesema neno zuri, lakini mahali pasipolipasa. Amesema kama mpita njia, kana kwamba mtungi umevunjwa na upepo. Asha hatafuti huruma tu, anataka kusikia, "Samahani, nimekuvunjia mtungi wako." Kiswahili kinamfichua Yohana mara moja, kwa kuwa maneno ni mawili, naye amechagua lile lililo jepesi. Kiingereza kingemficha, kwa maana "I am sorry" yafaa kwa mambo yote mawili, na msikilizaji hajui ni lipi.

Kwa hiyo msikiapo maneno haya kwa Kiingereza, sikilizeni yale yanayoyafuata. Angalieni sentensi hizi tatu:

"I am sorry that I hurt you." Nasikitika kwa kuwa mimi nimekuumiza. Hapa mtenda amejitaja.

"I am sorry that you were hurt." Nasikitika kwa kuwa uliumizwa. Na nani? Hakusema.

"I am sorry if you were hurt." Nasikitika ikiwa uliumizwa. Sasa hata maumivu yenyewe yametiwa shaka.

Tofauti ni maneno mawili au matatu tu, lakini ya kwanza ni "samahani", ya pili ni "pole", na ya tatu haifiki hata kuwa pole. Mwenye kutaka kupima sentensi ya namna hii na aulize swali moja: "Ni nani aliyefanya?" Jibu likionekana katika sentensi, ni kukiri kosa. Lisipoonekana, ni huruma tu, hata kama sauti ni ya unyenyekevu.

Kwa nini watu huliogopa neno hili

Mtu aweza kuuliza, "Kama ni neno tu, kwa nini wengine huona shida kulisema?" Sababu moja ni kwamba kukiri kosa huweza kufuatwa na malipo. Mwenye motokaa aliyemgonga mtu huogopa kwamba maneno yake yatapelekwa mbele ya hakimu kuwa ushahidi. Kwa ajili hiyo nchi nyingine zimetunga sheria za kumlinda asemaye. Jimbo la Massachusetts katika Marekani lilitunga sheria mwaka 1986 kwamba maneno ya huruma yanayosemwa baada ya ajali yasiwe ushahidi wa kukiri kosa. Katika Uingereza sheria ya mwaka 2006 ilisema kwamba kuomba radhi, peke yake, hakuhesabiwi kuwa ni kukubali hatia ya uzembe. Mjue basi kwamba hata watunga sheria wameona kuwa neno hili lina milango miwili.

Wakuu wa nchi nao hulipima sana. Katika Australia, kwa miaka mingi ya karne ya 20, serikali iliwaondoa watoto wengi wa wenyeji wa asili mikononi mwa wazazi wao. Mwaka 1999 Bunge, likiongozwa na Waziri Mkuu John Howard, lilitamka masikitiko makubwa, lakini halikutumia neno "sorry". Wenyeji hawakuridhika. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu mpya, Kevin Rudd, alisimama Bungeni akalisema neno lenyewe waziwazi, zaidi ya mara moja, na watu wengi waliokuwa wakisikiliza walilia machozi. Siku ile hakutangaza fidia ya fedha. Neno lenyewe ndilo lililokuwa likingojewa.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki tuna mfano ulio karibu zaidi. Katika Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari mwaka 1952, nayo ilidumu mpaka mwaka 1960. Watu wengi walitiwa katika makambi, na wengine waliteswa. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia Bunge lao kwamba serikali yake inasikitika kwa mateso yale, na kwamba watu 5,228 watalipwa jumla ya paundi milioni 19.9. Lakini papo hapo alisema kwamba serikali haikubali kuwa na hatia kwa sheria. Fedha zilitolewa, masikitiko yalitamkwa, na kukiri hatia kukazuiwa.

Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III alikuwa Nairobi. Katika karamu ya Ikulu alisema kwamba mabaya ya siku zile ni sababu ya huzuni kubwa na majuto makubwa, na kwamba hayana udhuru. Yalikuwa maneno mazito. Hata hivyo hakuomba msamaha, na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, chama cha watetezi wa haki, ilikuwa imemtaka aombe msamaha wazi.

Siku ya pili yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, katika nchi yetu. Alisimama mahali pa kumbukumbu ya vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu mwaka 1905 mpaka 1907. Katika vita vile walipigana watu wa makabila mengi ya kusini na mashariki, na Wavidunda wa milima ya Kilosa walikuwa miongoni mwao. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wataalamu wa historia hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mwaka 1906 walimnyonga Songea Mbano, shujaa wa Wangoni, ambaye mji ule waitwa kwa jina lake. Rais Steinmeier alisema kwamba anaomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wa watu wale, akaahidi pia kusaidia kutafuta fuvu la Songea Mbano.

Siku mbili zilizofuatana, wakuu wawili, nchi mbili jirani. Mmoja alisema kwa maana ya "pole", tena pole ya dhati. Mwingine alisema kwa maana ya "samahani". Sisi tunaosema Kiswahili twaweza kuiona tofauti hiyo upesi, kwa kuwa lugha yetu imetuzoeza.

Jinsi ya kusema vizuri

Mwanafunzi akiulizwa namna ya kuomba radhi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ashike mambo manne. Kwanza, ataje tendo lenyewe: "Nimepoteza kitabu chako," wala si "Kitabu kimepotea." Pili, ajitaje yeye mwenyewe kuwa mtenda. Tatu, aache maneno "ikiwa" na "lakini", maana "Samahani, lakini wewe nawe ulinichokoza" si kuomba radhi, bali ni kuanza ugomvi upya. Nne, atengeneze alichoharibu kadiri awezavyo, kwa kuwa muungwana ni vitendo.

Naye aliyeombwa asidhani kwamba ni lazima ajibu mara moja. Akiridhika aweza kusema "Si neno," au "Yamekwisha", kwa Kiingereza, "That is all right." Asiporidhika, aweza kungoja mpaka moyo upoe. Samahani ni ombi, na ombi la kweli humwachia mwenzako nafasi ya kukataa.

Lakini mwenzenu ajikwaapo njiani, msikae kufikiri ni neno gani. Mwambieni "Pole", mkamwinue.

Maswali

1. Neno "sorry" lilikuwa na maana gani katika Kiingereza cha kale?
2. Eleza tofauti ya "pole" na "samahani".
3. Lini yafaa kusema "Excuse me", na lini "I am sorry"?
4. Mwenzako anakuambia, "I am sorry if your book is dirty." Amekiri kosa? Eleza sababu.
5. Andika kwa Kiswahili maneno ambayo ilimpasa Yohana kumwambia Asha, na jambo ambalo ilimpasa kulitenda baada ya kusema.